KARATASI HUJIBIWA KWA KARATASI

Hotuba juu ya namna ya kupinga hati ya kuegesha motokaa, iliyosomwa mbele ya wanachama, Arusha



Katibu wetu aliponiandikia kuniomba niseme mbele yenu juu ya jambo lo lote lenye manufaa kwa watumishi wa Serikali, nalifikiri kwa muda mrefu. Yako mambo makubwa: malipo ya uzeeni, kupandishwa vyeo, elimu ya watoto wetu. Lakini wapo kati yenu wayajuao hayo kuliko mimi. Kwa hiyo nimechagua jambo dogo, liwezalo kukaa katika kiganja cha mkono, nalo ni kile kikaratasi apewacho mwenye motokaa kumwambia kwamba ameegesha vibaya, au ameegesha asilipe.

Tafadhali msicheke. Jambo hili ni dogo kwa fedha, bali ni kubwa kwa tabia. Ukisimama siku ya kazi penye Mnara wa Saa, ukatembea katika Barabara ya Sokoine kuelekea upande wa Soko Kuu, hukosi kumwona mtu mzima, mwenye koti na tai, akigombana na kijana mwenye mashine mkononi. Mmoja apaza sauti, wa pili apaza zaidi, watu wakusanyika. Mwisho wake mwenye motokaa ama hulipa kwa hasira, ama huondoka asilipe, kwa hasira vile vile, ama huingiza mkono mfukoni akampa kijana yule "cha soda", mambo yakaisha. Katika njia hizo tatu hakuna hata moja iliyo kupinga. Wa kwanza amekubali kosa asilolichunguza; wa pili ameliongeza; wa tatu ametenda kosa jipya lililo kubwa kuliko lile la kwanza.

Neno langu la leo ni moja tu: karatasi hujibiwa kwa karatasi. Haijibiwi kwa kelele, wala kwa noti, wala kwa cheo.

Nimetaja cheo, na kabla sijaendelea imenipasa kuungama. Miaka michache iliyopita nalimpeleka mama yangu hospitali, naye alikuwa mgonjwa sana. Kwa haraka niliyokuwa nayo nikaiacha motokaa mahali palipokatazwa. Niliporudi nikakuta hati. Mbele yangu ilikuwapo pikapu ya mzee mmoja wa upande wa Tengeru, aliyemleta mkewe mgonjwa juu ya mikungu ya ndizi. Naye amepewa hati kama yangu, mahali pale pale, kwa kosa lile lile. Mzee akanijia akaniuliza, "Kijana wangu, wewe umesoma. Hii yasemaje?" Nikamsomea. Kisha nikaenda kando, nikampigia simu mtu niliyefahamiana naye katika ofisi fulani. Kabla ya jua kuchwa hati yangu ilikuwa imefutwa. Hati ya mzee haikufutwa, kwa kuwa sikuitaja. Wala haikunijia moyoni kuitaja.

Baada ya majuma mawili nalikutana naye katika soko la Tengeru. Akaniamkua kwa furaha, akauliza habari za mama, kisha akasema, "Na wewe ulilipia wapi? Mimi safari ile ilinimalizia siku nzima." Nikamjibu kwamba na mimi nalilipa. Ndugu zangu, mimi niliyefundishwa na wamisionari kwamba ndiyo yangu iwe ndiyo, nalimdanganya mzee kwa ajili ya kipande cha karatasi.

Nimeyasema haya ili mjue kwamba sisemi kama mtu aliye juu yenu. Tangu siku ile nimejitaabisha kujifunza njia iliyo wazi kwa kila mtu, na hii ndiyo nitakayowaeleza.

KUITAMBUA HATI

Jambo la kwanza ni kujua umepewa hati gani, maana hati hizi si za namna moja, na mlango wa kuzipingia si mmoja.

Hati ya kwanza ni ya ushuru wa kuegesha. Ushuru si adhabu. Ni malipo ya kutumia mahali, kama vile mtu alipavyo ushuru wa meza sokoni. Zamani tulizoea kikaratasi kilichobanwa chini ya kifuta-kioo. Mwaka 2017 Serikali iliunda Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA, na mwaka 2021 wakala huo ulianza kutumia katika miji kadhaa mashine ziandikazo namba ya motokaa na kuweka deni juu ya namba hiyo, ijapokuwa mwenyewe hayupo. Hapo malalamiko yakawa mengi, kwa kuwa mtu aliweza kulala hana deni akaamka anadaiwa. Mipango ya nani akusanye ushuru hubadilika. Kwa hiyo usitegemee mazoea, bali soma kichwa cha hati, nacho kitakuambia ni ofisi gani ya kujibiwa.

Hati ya pili ni ya nyongeza au adhabu, atozwayo mtu aliyechelewa kulipa ushuru au aliyevunja sheria ndogo za mji. Sheria ndogo hazizuki hewani. Halmashauri za miji huzitunga kwa nguvu za Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982. Waziri huziidhinisha, nazo hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Basi mtu akikuambia, "Sheria yasema hivi," una haki ya kumwuliza kwa adabu, "Ni sheria ipi, Bwana, na kifungu kipi?" Karani mwema hachukizwi na swali hilo. Sisi wenyewe twalijua, maana ndilo swali tuulizwalo na wakubwa wetu kila tuandikapo hati ya malipo.

Hati ya tatu ni ya polisi wa usalama barabarani, itolewayo chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ambayo ni Sura ya 168 ya sheria zetu. Mtu aliyeacha motokaa mahali pa hatari au palipokatazwa aweza kupewa hati hii. Faini yake kwa miaka mingi tumeijua kuwa Sh. 30,000/- kwa kosa moja. Katika bajeti ya mwaka 2021 Serikali iliipunguza kwa pikipiki na bajaji hata Sh. 10,000/-. Nataja hesabu hizi ili mwone ya kuwa kiasi cha faini huwekwa na Serikali kwa maandishi. Hakipangwi na askari njiani kwa kutazama viatu vyako.

MAMBO YA KUFANYA PALE PALE

Ukikuta hati, usianze na mtoza ushuru. Anza na saa yako. Andika saa, tarehe na mahali. Kisha piga picha kwa simu: motokaa ilivyosimama, namba yake, mistari iliyopakwa chini kama ipo, na kibao cha kukataza au kuruhusu, au mahali kibao kilipopaswa kuwapo nacho hakipo. Piga picha moja kutoka mbali, ili duka au mti ulio karibu uonekane, maana picha ya gurudumu peke yake yaweza kuwa ya Arusha au ya Tanga. Mkiwapo watu wawili, mwenzako naye atazame vizuri, huenda akahitajiwa kuwa shahidi.

Halafu soma hati yote, mbele na nyuma. Tazama namba ya motokaa herufi kwa herufi, kwa kuwa mara nyingi D huandikwa B, na 3 huandikwa 8. Tazama tarehe, saa, jina la mtaa, kosa linalotajwa, na siku ulizopewa za kujibu au kulipa. Ikiwa kuna jina au namba ya mtumishi aliyeitoa, iandike. Usimtukane wala usimtishe. Yeye naye ni mtumishi kama wewe, ana mkubwa wake na hesabu ya kutoa jioni.

Na ikiwa umesoma na kuchunguza ukaona kwamba kosa ni lako, basi, wenzangu, dawa ya deni ni kulipa. Lipa mapema kwa namba ya malipo ya Serikali, pokea stakabadhi, uiweke. Kupinga hati ya kweli ni kupoteza wakati wa ofisi, na kumchelewesha mwenye haki aliye nyuma yako katika mstari.

SABABU ZIFAAZO NA ZISIZOFAA

Sababu zifaazo ni zile ziwezazo kuonyeshwa. Namba iliyoandikwa si ya motokaa yako. Au motokaa siku hiyo haikuwapo pale: ilikuwa kwa fundi, au safarini, na daftari la safari lashuhudia. Au umekwisha kulipa, na stakabadhi unayo. Au umetozwa mara mbili kwa saa ile ile. Au mahali penyewe ni kiwanja cha mtu, si barabara ya umma. Au hapakuwa na alama yo yote ya kumwonya mgeni. Au motokaa umekwisha kuiuza. Na hapa nawaonya sana, badilisheni jina katika kadi ya motokaa kwa Mamlaka ya Mapato mara tu muuzapo, kwa sababu deni hufuata namba, na namba hufuata jina lililoandikwa.

Sababu zisizofaa ni hizi: "Nilikaa kidogo tu." "Na wengine waliegesha pale." "Sikujua." Na iliyo mbaya kuliko zote: "Mimi ni mtumishi wa Serikali." Hiyo si sababu bali ni aibu. Kama utumishi wetu una maana yo yote katika jambo hili, maana yake ni kwamba yatupasa kuijua sheria zaidi, wala si kuogopwa nayo.

Iko sababu ya katikati, nayo ni dharura, kama ile ya mzee wa Tengeru na ya kwangu. Dharura haiondoi kosa kwa lazima, lakini mwenye kuamua aweza kuipima. Basi isemwe wazi, na cheti cha hospitali chenye tarehe kiambatishwe.

USILIPE KWANZA, WALA USINYAMAZE

Sasa nafika mahali ambapo wengi hukosea. Mtu hulipa ili aondokane na usumbufu, kisha hurudi kulalamika. Kwa hati ya polisi, kulipa ni kukubali kosa. Sheria ile ya mwaka 1973 humpa dereva hiari: ama akubali kosa alipe faini iliyoandikwa, ama akatae, naye apelekwe mahakamani kujibu mashtaka. Askari hana mamlaka ya kukulazimisha kukubali. Walakini ukiisha kukubali kwa kulipa, ni vigumu baadaye kusema hukukubali.

Katika nchi hii ya Mlima Meru tunao mfano mkubwa, ingawa jambo lake lapita mbali kipande chetu cha karatasi. Mwaka 1951 Wameru waliondolewa kwa nguvu katika ardhi yao ya Ngarenanyuki ili ipewe walowezi. Wakapewa fedha za fidia, wakakataa kuzipokea. Maana apokeaye bei amekwisha kuuza. Wala hawakuishia katika kukataa. Walichanga fedha, wakaandika maombi, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, mpaka New York, akasema mbele ya Umoja wa Mataifa. Kura zilizopigwa huko hazikutosha kuwarudishia ardhi mara ile. Lakini shauri lao liliandikwa, likasomwa na mataifa, nasi tunalisimulia mpaka leo. Kama wangalipokea fedha wakanyamaza, nani angalijua?

Basi tazameni: walikataa, tena walijibu. Yote mawili yalihitajiwa. Akataaye bila kujibu hafai kitu, maana siku hupita, nyongeza huongezwa juu ya deni, na motokaa yaweza kufungwa mnyororo. Zikiandikwa siku saba, jibu lako lifike katika siku saba. Na afadhali lifike siku ya pili.

BARUA YENYEWE

Barua ya kupinga iwe fupi. Mkubwa wa ofisi ana barua nyingi. Ukimwandikia kurasa nne atasoma ya kwanza tu. Mimi hutumia mfano huu, nanyi mwaweza kuunakili:

"Kwa Mkuu wa Ofisi iliyotoa hati, Arusha.

Bwana,

Hati Namba (…) ya tarehe (…)

Nimepokea hati iliyotajwa hapo juu, isemayo kwamba motokaa namba (…) iliegeshwa katika mtaa wa (…) tarehe (…) saa (…) bila kulipiwa. Kwa heshima naipinga hati hiyo, kwa sababu siku hiyo tangu saa (…) hata saa (…) motokaa ilikuwa (…). Naambatisha nakala za (…) kuwa ushahidi.

Naomba deni hili lifutwe. Ikiwa ofisi yako haikubali, naomba nionyeshwe picha au kumbukumbu iliyotegemewa, na kifungu cha sheria kilichotumiwa. Naomba tena nyongeza isitozwe wakati shauri hili likitazamwa, nami nijibiwe kwa maandishi.

Ni mimi, mtumishi wako mtiifu, (…)"

Mtu mmoja aliniuliza kwa nini niandike "mtiifu" hali napinga. Nalimjibu kwamba mtiifu ni yule afuataye sheria, naye apingaye kwa njia ya sheria anaifuata.

Toa nakala mbili. Moja waachie, na ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Usitoe stakabadhi zako za asili. Toa nakala tu. Hapa sisi makarani hatuna udhuru, maana kila siku twawaambia wengine kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na nyumbani kwetu stakabadhi zimo katika mifuko ya suruali zilizokwisha kufuliwa.

WAKIKATAA

Ukijibiwa kwamba sababu yako haikukubaliwa, soma jibu kwa utulivu. Huenda wamesema kweli. Ukiona hawakuijibu hoja yako, mwandikie mkubwa wa juu yake, ukiambatisha barua ya kwanza na jibu lake. Usiruke ngazi, barua irukayo ngazi hurudishwa chini kwa aliyerukwa, naye huipokea kwa uso mwingine.

Ikiwa jambo lafika mahakamani, usiogope, bali jitayarishe. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 13, yasema kwamba mtu ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu wakati haki na wajibu wake vinapoamuliwa, na kwamba mtu aliyeshtakiwa asitendewe kama mwenye kosa mpaka ithibitike kwamba analo. Anayeshtaki ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha. Picha ulizopiga kwa simu zaweza kupokewa kuwa ushahidi, kwa kuwa sheria ya mwaka 2015 juu ya miamala ya kielektroniki imezikubali kumbukumbu za namna hiyo. Nawe uwe tayari kueleza nani aliyepiga, lini, na kwa simu gani.

Tena kuna jambo la kushukuru. Kwa miaka mingi mashauri katika mahakama zilizo juu ya Mahakama ya Mwanzo yaliandikwa kwa Kiingereza, hata mtu akahukumiwa kwa maneno asiyoyasikia. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria, likafanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Basi mzee wa Tengeru aweza kusimama na kusema kwa lugha aisemayo sokoni.

Lakini sitawaficha hatari yake. Hakimu habanwi na kiasi kilichoandikwa katika hati. Akikuona una hatia aweza kukutoza zaidi, ndani ya mipaka ya sheria. Nawe ukiitwa usipofika, waweza kukamatwa. Kwa hiyo pima kabla ya kukataa. Mwenye ushahidi aende; mwenye hasira peke yake afadhali alipe.

Mji wetu umeona mahakama kubwa. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya Rwanda, iliyoundwa mwaka 1994, ilifanya kazi yake hapa mpaka ilipofungwa mwaka 2015. Mahakama ya Afrika Mashariki iko hapa, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa. Mataifa hupanda ndege kuja Arusha kutafuta hukumu. Nasi tukaao Ngarenaro na Sanawari, wenye haki yetu na ushahidi wetu mkononi, huogopa kupanda ngazi za mahakama ya mjini kwetu kwa ajili ya Sh. 30,000/-.

Na juu ya "cha soda" nasema kwa ufupi. Mtu akikuomba, au ukijaribiwa kutoa, kumbuka kwamba atoaye na apokeaye wote wawili ni wakosaji. Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ina simu ya bure, namba 113. Kwetu watumishi jambo hili ni la kupoteza kazi, na jina kabla ya kazi.

YALIYONIPATA MARA YA PILI

Labda mtauliza kama njia hii yafaa kweli. Nitawaambia yaliyonipata, pamoja na yale yasiyonipendeza.

Nalinunua motokaa iliyokwisha kutumika. Baada ya miezi michache nikaona inadaiwa ushuru mara nne. Nikakaa mezani na daftari. Madeni mawili yalikuwa ya siku zilizotangulia mkataba wangu wa kununua. La tatu lilikuwa la siku ambayo motokaa ilikuwa kwa fundi upande wa Unga Limited. La nne lilikuwa langu halisi. Nalikwenda kununua dawa nikasahau kulipa.

Nikaandika barua. Siku ya kwanza ofisini nikaambiwa, "Lipa kwanza, ulalamike baadaye." Nikaomba niandikiwe neno hilo. Karani akanitazama, akacheka kidogo, akaigonga muhuri nakala yangu. Nalikwenda mara tatu kwa jumla. Mwisho jibu likaja: madeni mawili ya kwanza yamefutwa. La tatu halikufutwa, kwa sababu cheti cha fundi hakikuwa na tarehe. Nalikasirika, kisha nikakisoma tena kile cheti, na kweli hakikuwa na tarehe. Nikalipa la tatu na la nne siku ile ile.

Nauli na saa nilizotumia, kama mkizihesabu, zilizidi fedha nilizookoa. Kwa hiyo mwenye kufuata faida peke yake asinifuate. Lakini safari ile sikumpigia mtu simu, na nilipotoka pale, nikiwa nimeshinda mawili na kushindwa moja, nalitembea Barabara ya Boma bila kumwogopa mtu ye yote kuniuliza nalilipa wapi.

OMBI

Bwana Mwenyekiti, namaliza kwa ombi moja. Katika Chama chetu hakosekani mtu ajuaye kuandika barua ya ofisi; ndiyo kazi tuliyosomeshwa. Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha chama cha watumishi Waafrika kule Tanga mwaka 1922, walikuwa makarani kama sisi, na chombo chao kilikuwa kalamu. Napendekeza kwamba Jumamosi moja katika kila mwezi tuweke meza moja na viti viwili, na wanachama wawili kwa zamu wawaandikie barua za kupinga, bila malipo, wale wasioweza kuandika: mwenye pikapu, mwenye bodaboda, mama auzaye mboga kwa gari la mkopo. Tusiwaandikie uongo. Mwenye kosa tumwambie kwa upole akalipe. Mwenye haki tumwandikie vizuri, kama vile tungalijiandikia wenyewe.

Mwezi uliopita nalikwenda Tengeru, nikamtafuta yule mzee. Mkewe amepona. Nikamwambia kweli yote: ile simu, ile hati yangu iliyofutwa, na uongo wangu wa sokoni. Akanyamaza kitambo, akiitazama mikungu yake. Nami sikuwa na la kuongeza. Kisha akasema, "Haya, kijana wangu. Siku nyingine uniandikie na mimi."

Nalimwahidi. Ndiyo maana naiomba meza ile.